Tanzia za London na sisi wa mwambao: je, mkimbizi asome Shakespeare chuo kikuu?

Hapa ni Gatete, Rumonge, mwambao wa Tanganyika. Wapya mjue sisi ni nani: kati yetu wapo waliovuka ziwa kutoka upande wa Kongo, wapo pia waliozaliwa kwenye makambi ya Tanzania wakarudi huku na wazazi wao. Tunaandika pamoja, ndiyo maana tunasema "sisi".

Tangu tulipoandika juu ya ufadhili wa masomo ya juu, swali moja linarudi. Kijana amemaliza sekondari, Kiingereza chake ni kizuri, anapenda kusoma. Kwenye fomu anataka kuandika: fasihi ya Kiingereza. Hapo watu wote wanamkalia. Baba anasema soma uuguzi. Rafiki anasema soma kompyuta. Na mtu wa ofisi, bila ubaya wowote, anamwuliza: "Sasa hizo tamthilia za zamani za Waingereza, watu wanauana jukwaani, zitakusaidia nini wewe mkimbizi?"

Swali si baya, na hatutalijibu kwa hasira. Tutalijibu kwa historia: hizo tamthilia zilitoka wapi, zilifikaje kwetu Afrika Mashariki, na wakubwa wetu walizifanyia nini zilipofika. Ukimaliza kusoma, amua mwenyewe.

Kwanza neno

Kiswahili kina neno lake: tanzia. Wengi wetu tunalijua kama habari ya msiba, ile inayotangazwa redioni: fulani amefariki, mazishi ni saa fulani. Wataalamu wa fasihi wakalichukua neno hilo hilo kuita mchezo wa kuigiza unaoishia kwenye maangamizi. Kwa hiyo mtu anayesoma tanzia anasoma msiba: ulianzaje, nani alikuwa na nafasi ya kuuzuia akaiacha ipite, nani alibaki hai kuusimulia. Sasa tuambieni, kuna mtu wa mwambao huu ambaye somo hilo ni geni kwake?

London, mji wenye wakimbizi

Tanzia zinazosomwa sana vyuoni ziliandikwa London kati ya miaka ya 1580 na 1620 hivi. Jumba lililoitwa The Theatre lilijengwa mwaka 1576 na James Burbage, nje ya kuta za mji. The Rose likafuata 1587, The Globe 1599. Mtu wa kawaida alilipa peni moja akasimama chini ya jua na mvua kutazama wafalme wakianguka. Tauni ikizidi, serikali ilifunga majumba hayo, na waigizaji wakaenda kutafuta riziki mikoani. Sisi tuliopitia kipindi cha Korona tunaelewa.

Jambo la kwanza la kushangaza: hawa watunzi wanaosomwa chuo kikuu leo, wengi hawakuwa watoto wa wakubwa. Christopher Marlowe alikuwa mtoto wa fundi viatu wa Canterbury, akafika Cambridge kwa msaada wa masomo, yaani mtoto wa ufadhili kama mnavyotafuta nyinyi. Baba yake William Shakespeare alishona glovu za ngozi Stratford, na William mwenyewe hakusoma chuo kikuu hata siku moja. Thomas Kyd, aliyeandika The Spanish Tragedy, alikuwa mtoto wa karani, naye chuo kikuu hakuingia. Ati mwaka 1592 kukatoka kijitabu chenye jina la Robert Greene, msomi mwenye digrii, kikimkejeli Shakespeare kama mtu wa kuja anayejipamba kwa manyoya ya wenzake. Kumbe dharau ya waliosoma kwa wasiosoma ni ya zamani.

La pili linatugusa zaidi. London ya wakati ule ilikuwa mji wenye wakimbizi. Tarehe 24 Agosti 1572 Waprotestanti walianza kuuawa Paris, na mauaji yakasambaa kwenye miji mingine ya Ufaransa. Upande wa Uholanzi na Flanders kulikuwa na vita ya muda mrefu. Watu wakavuka bahari kuingia Uingereza: wafumaji, wachapaji, mafundi wa kila aina. Walipewa makanisa yao. Wenyeji wengine waliwapokea, wengine wakaanza kusema maneno tunayoyajua kwa moyo: wanachukua kazi zetu, wanapandisha bei za nyumba, wanapendelewa.

Tarehe 5 Mei 1593 mtu asiyejulikana alibandika shairi refu la vitisho kwenye ukuta wa kanisa la Waholanzi London. Aliwatishia wageni kifo, na mwisho akatia jina la bandia: Tamburlaine. Hilo ni jina la mhusika wa Marlowe, yule mtekaji asiye na huruma. Baraza la Malkia likaanza msako. Thomas Kyd alikamatwa, chumba chake kikapekuliwa, akateswa. Akasema karatasi mbaya walizozikuta ni za Marlowe, ambaye waliwahi kuandikia chumba kimoja. Marlowe akaitwa mbele ya Baraza, na tarehe 30 Mei 1593 akachomwa kisu akafa huko Deptford. Alikuwa na miaka 29. Kyd naye hakumaliza mwaka uliofuata, alikufa 1594.

Tazameni mpangilio wa mambo. Chuki dhidi ya wakimbizi ilichukua jina kutoka kwenye tamthilia, na msako ulioanzia kwenye chuki hiyo ukawaangukia watunzi wa tanzia. Marlowe mwenyewe alikuwa ametunga mchezo juu ya mauaji ya Paris, ulioigizwa mwanzoni mwa mwaka ule ule. Kwa hiyo asitokee mtu akasema habari ya wakimbizi tumeipachika sisi kwenye historia hii kwa nguvu. Ilikuwemo tangu mwanzo.

Ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono

Ipo tamthilia ya wakati huo inaitwa Sir Thomas More. Iliandikwa na watunzi kadhaa pamoja, na inazungumzia ghasia za Mei 1517, vijana wa London walipowavamia wageni. Mkaguzi wa michezo wa malkia, Edmund Tilney, aliisoma akaamuru sehemu ya ghasia iondolewe yote. Aliogopa mchezo usiwashe moto ambao tayari ulikuwa unafuka mjini.

Hati yake ipo mpaka leo, imehifadhiwa British Library. Ndani yake zimo kurasa chache ambazo wataalamu wengi wanaamini ni mwandiko wa Shakespeare mwenyewe. Kwenye kurasa hizo Thomas More anasimama mbele ya umati wenye hasira. Anawaomba wavute picha ya wageni wanaofukuzwa, watoto mgongoni, mizigo duni mkononi, wakielekea bandarini. Kisha anawageuzia swali: mfalme akiwafukuza nyinyi, mtaenda wapi? Nchi gani itawapokea? Na mkifika mkute watu wenye roho kama zenu, mtajisikiaje?

Hatuyanukuu maneno yenyewe, mtayatafuta. Ila hoja hiyo tunaijua sana. Mwalimu wa amani anaitumia kwenye semina, shehe msikitini, padri kanisani, na bibi yako akiwa anakaanga ndagala. Tofauti ni kwamba kwenye tamthilia hoja inasemwa mbele ya watu walioshika mawe, na wewe msomaji unajua mawe yanaweza kurushwa bado.

Shakespeare wakimbizi aliwajua kwa karibu. Karibu mwaka 1604 alikuwa mpangaji London katika nyumba ya Christopher Mountjoy, Mfaransa Mprotestanti aliyekuwa fundi wa mapambo ya kichwa ya wanawake. Tunajua hivyo kwa sababu ya kesi. Mkwe wa Mountjoy alidai hajapewa mali aliyoahidiwa alipomwoa binti wa nyumba (kwao mali ilitoka kwa baba wa bibi harusi, kinyume cha mahari yetu). Mwaka 1612 Shakespeare akaitwa mahakamani kama shahidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyemhimiza kijana aoe. Akasema ni kweli ahadi ilikuwepo, lakini kiasi gani, hakumbuki. Karatasi ya ushahidi ipo, na sahihi yake ipo. Ndiyo hivyo: mtunzi wa tanzia kubwa za Kiingereza alikaa nyumba ya mkimbizi, akawa mshenga wa familia ya wakimbizi, na kwenye kesi yao akajibu kama mzee wa mtaa asiyetaka kugombana na upande wowote.

Zilifikaje kwetu?

Hapa tuseme ukweli bila kupamba: zilikuja na mkoloni. Oxford na Cambridge za wakati wa Shakespeare hazikufundisha tamthilia za Kiingereza, wanafunzi waliigiza Kilatini. Kiingereza kupata profesa wake kulianza London mwaka 1828. Baadaye Chuo Kikuu cha London kikawa mlezi wa vyuo vya makoloni. Makerere ya Kampala, iliyoanza 1922 kama shule ya ufundi, ilianza kuandaa wanafunzi kwa digrii za London mwaka 1949. Mwanafunzi wa Kampala alisoma mtaala wa London, na mtihani wake ulifuata kipimo cha London.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alipita njia hiyo. Alisoma Alliance High School, Kenya, wakati wa hali ya hatari ya Mau Mau. Shule hiyo ilikuwa na desturi ya kuigiza Shakespeare, huku nje vijiji vinachomwa na watu wanawekwa kizuizini. Kisha akaingia Makerere mwaka 1959 kusoma Kiingereza. Fikiria kijana huyo akisoma habari ya mfalme dhalimu kitabuni, wakati dola iliyomletea kitabu ndiyo inayomfunga jirani yake. Wengine wangekitupa kitabu. Kwa nini wakubwa wetu hawakukitupa? Tunaona walifanya mambo matatu.

Jambo la kwanza: walikivisha Kiswahili

Mwaka 1963 Julius Nyerere, wakati ni Rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar. Mwaka 1969 ikatoka tena baada ya kurekebishwa, ikiitwa Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Angalia hilo neno. Angeweza kusema wafanyabiashara, akachagua mabepari, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Ukibadilisha neno moja la jina, mchezo mzima umehamia mtaa mwingine. S. S. Mushi naye akatafsiri Makbeth, 1968, na Tufani, 1969.

Rais mwenye nchi changa, hana walimu wa kutosha, hana madaktari, kwa nini apoteze usiku wake na Shakespeare? Nyerere mwenyewe alieleza kwamba Kiswahili ni lugha tajiri, lakini utajiri wake utaongezeka kikipewa kazi mpya. Aliandika kwa mashairi yasiyo na vina, jambo ambalo washairi wetu wa jadi waliliita guni, na kwao guni lilikuwa kasoro. Watu walisema Kiswahili ni lugha ya soko na ya jeshi. Yeye akakibebesha mzigo mzito makusudi, waone kama kitaanguka. Hakikuanguka.

Kwetu sisi hili lina uzito wake. Kiswahili ndiyo lugha inayotuunganisha hapa: Mfuliiru, Mbembe, Mrundi aliyekulia Ulyankulu, wote tunaelewana humo. Mtu akikuambia Kiswahili chako cha kambini hakifai kwa mambo ya kisomi, mkumbushe Juliasi Kaizari.

Jambo la pili: walihamisha kiti

Tarehe 24 Oktoba 1968, Chuo Kikuu cha Nairobi, walimu watatu waliandika waraka: Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban Lo Liyong. Walipendekeza Idara ya Kiingereza ifutwe. Kichwa cha waraka kilitisha watu, hadi leo wapo wanaodhani walitaka Shakespeare achomwe moto. Sivyo. Walichouliza ni hiki: kwa nini Uingereza ikae katikati na Afrika ikae pembeni kama mgeni kwenye nyumba yake mwenyewe? Wakataka fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi, ikae katikati, halafu fasihi nyingine zisomwe kutokea hapo. Baada ya mabishano marefu idara ikabadilika ikawa Idara ya Fasihi.

Kwa hiyo leo ukisoma tanzia za Waingereza kwenye chuo cha Afrika Mashariki, jua kwamba kuna watu walipigania namna utakavyozisoma: uzijue vizuri ukiwa umekaa kwenye kiti chako, bila kupiga magoti.

Jambo la tatu: waliandika zao

Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, kijana aliyesoma sanaa za maonyesho Dar es Salaam, alitoa Kinjeketile. Ni tanzia ya Kiswahili juu ya vita vya Maji Maji. Kinjeketile anawapa watu maji na neno la kuwaunganisha dhidi ya Wajerumani. Neno linamzidi nguvu mwenyewe. Watu wanaamini maji yatazuia risasi, naye anaona hatari lakini hawezi tena kulirudisha neno kinywani. Jengo la tanzia Hussein alilijua, akaliweka juu ya ardhi ya Umatumbi. Mtu aliyeishi mahali ambapo maneno ya viongozi yamewatoa vijana nyumbani wakaenda kufa ataelewa mchezo huu bila mwalimu.

Sasa turudi hapa ziwani

Mwenye kusema "zitakusaidia nini" anastahili jibu la wazi. Tunatoa mifano miwili ya jinsi tunavyozisoma sisi.

Kwenye Juliasi Kaizari kuna onyesho fupi sana ambalo watu wengi wanaliruka. Kaizari ameshauawa, hotuba imeshatolewa, mji una wazimu. Mtu mmoja anapita njiani, mshairi, jina lake Cinna. Umati unamzuia na kumwuliza: jina lako nani, unaenda wapi, unakaa wapi, umeoa? Anajibu yote. Tatizo ni kwamba mmoja wa waliomwua Kaizari naye anaitwa Cinna. Anawaambia: mimi si yule, mimi ni mshairi. Wanamwua hivyo hivyo, kwa jina tu.

Hatuhitaji kueleza zaidi. Wangapi kati yetu waliulizwa maswali hayo kwenye bariyeri? Jina, unatoka wapi, baba yako nani. Mtunzi wa London aliyajua maswali hayo miaka 400 iliyopita, na aliyaandika kwa utaratibu ule ule, yakianza kama mzaha. Kijana anayesoma onyesho hilo chuo kikuu anajifunza kuona umati unavyogeuka, hatua kwa hatua, ili kesho akiwa mwalimu, mwandishi wa habari au mtu wa redio ajue hatua ya kwanza inafananaje.

Mfano wa pili ni kisasi. The Spanish Tragedy ya Kyd inamhusu Hieronimo, mtu wa sheria, kazi yake ni kuwapa watu haki. Mwanawe anauawa. Anaitafuta haki kwa mfalme, mlango umefungwa. Mwisho anailipiza mwenyewe, na mchezo unaisha kwa maiti. Hamlet nayo ni kijana aliyebebeshwa kisasi na baba aliyekufa, na anapokitimiza, nyumba yote ya kifalme imekwisha, mtoto wa mfalme wa nchi nyingine anaingia kuchukua kiti bila jasho.

Mwambao wetu unajua hesabu hiyo. Tarehe 29 Aprili 1972 moto uliwaka hapa hapa, Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi waliua watu, kisha dola ikalipiza nchi nzima, ikawatafuta hasa waliosoma: walimu, watumishi, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu. Kanuni ya kikundi chetu ni kwamba hatuhesabu wafu kwa makabila, maana kila nyumba inawajua wafu wake. Waliokimbia wakaishia Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wengi walikaa huko zaidi ya miaka 30. Mwaka 2014 Tanzania ilianza kuwapa vyeti vya uraia, watu kama 162,000. Wengine walirudi, wakakuta mashamba yao ya mawese yana wenyewe wapya, na hao wapya nao wana karatasi na watoto waliozaliwa pale. Huyu ana haki, na huyu ana haki.

Hapo ndipo tanzia inafundisha kitu ambacho semina ya siku mbili haiwezi. Semina inakuambia usilipize. Tanzia inakukalisha saa tatu ndani ya kichwa cha mtu mwenye haki kabisa ya kukasirika, ukampenda, ukamtakia ashinde, halafu inakuonyesha gharama. Ukitoka hapo huwezi tena kusema wanaolipiza ni wanyama. Huwezi pia kusema walifanya vizuri.

Na Makbeth je? Mtu anamwua mfalme wake, ambaye usiku huo ni mgeni wake, amelala chini ya paa lake. Mwanafunzi wa Ulaya atasoma hapo habari ya tamaa ya madaraka. Sisi tunaosema mgeni njoo, mwenyeji apone, tunaona jambo jingine linalotuchoma mapema zaidi: amemwua mgeni. Usomaji huo ni wetu, na una nafasi yake darasani.

Neno kwa wenye fomu na wenye ofisi

Kwako kijana. Usichague somo hili kwa sababu ya sifa ya kutamka Shakespeare mbele ya watu. Kiingereza chake ni kigumu hata kwa Waingereza wenyewe, na utasoma sana. Utajifunza historia, maana bila kujua tauni, dini na wafalme hutaelewa kitu. Utajifunza jinsi vitabu vinavyosalia: Shakespeare alikufa 1616, na ni waigizaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell, waliosaidia kukusanya tamthilia 36 zikachapwa 1623. Karibu nusu yake hazikuwa zimechapwa kabla. Bila kitabu hicho pengine leo tusingekuwa na Makbeth wala Juliasi Kaizari. Sisi tuliopoteza vyeti, picha na madaftari njiani tunajua thamani ya rafiki anayetunza karatasi za mwenzake.

Pia uwe na mpango wa ugali, usijidanganye. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kiingereza kikawa lugha rasmi mwaka 2014. Walimu wa Kiingereza wanatafutwa, watafsiri pia, na Chuo Kikuu cha Burundi kina watu wanaosomea lugha na fasihi hiyo. Ukiweza, unganisha na ualimu. Na popote utakapokuwa, soma Hussein na Nyerere pembeni ya Shakespeare, usisubiri mtaala ukuambie.

Kwenu wakubwa zetu wa mashirika. Tunajua ufadhili ni mchache. DAFI imekuwepo tangu 1992, lengo la asilimia 15 ya wakimbizi kufika elimu ya juu ifikapo 2030 tumelisikia, na kila nafasi moja inagombewa na wengi. Ombi letu ni dogo: msiamue kabla kwamba mkimbizi anahitaji mikono tu. Mwaka 2014 mwigizaji Msyria Nawar Bulbul aliigiza King Lear na watoto wa kambi ya Zaatari, Jordan. Watoto wa vita, wakicheza habari ya mzee aliyegawa nchi akafukuzwa kwenye milango ya wanawe. Kwenye gereza la Robben Island wafungwa walipitishiana kitabu cha Shakespeare, na Desemba 1977 Mandela alitia sahihi yake pembeni ya maneno ya Juliasi Kaizari kuhusu woga na kifo. Watu hao walikosa mambo mengi ya lazima kuliko kitabu, na bado walikishika.

Muuguzi tunamhitaji, fundi umeme tunamhitaji. Lakini jamii iliyovunjwa na maneno inahitaji pia watu waliosomea maneno: yanavyowasha moto, yanavyomgeuza jirani kuwa adui, na yanavyoweza, mara moja moja, kumsimamisha mtu aliyeshika jiwe akajiuliza: na mimi nikifukuzwa, nitapokelewa wapi?

Wiki ijayo tutaweka maelezo ya jinsi ya kujaza fomu za maombi, hatua kwa hatua. Leo tunataka kusikia kutoka kwenu: ukipewa nafasi moja tu ya chuo, na moyo unataka fasihi, nyumbani wanataka uuguzi, utaandika nini kwenye fomu, na kwa nini? Andikeni kwa heshima, bila kumcheka mtu kwa uchaguzi wake.